Mama Mkwe Anaposahau: Yaliyomo Ubongoni na Yasiyomo Katika Ukoo



Bi harusi wa kwetu hufundwa mengi. Hufundishwa kujisinga, kufukiza udi, kutunga asumini, kumpokea mume kwa uso mkunjufu na kumwamkia mama mkwe kwa adabu. Somo wake hakosi la kumwambia. Lakini hatujapata kumsikia somo hata mmoja akimwambia mwari wake: na siku mama mkwe atakapokutazama usoni asikujue, au akakuita mwizi mbele ya watu, fanya hivi na hivi. Ndiyo mada yetu leo. Itatupitisha mahali ambapo si kawaida yetu kupita, ndani ya seli za ubongo. Tuvumilieni, kwani huko ndiko tulikopata amani ya nyumba yetu.

Sisi tunaoandika ni ndugu watatu wa tumbo moja, na mama yetu anaumwa ugonjwa wa kusahau, ule ambao madaktari huuita dimenshia. Ulianza kidogo kidogo. Mchuzi ulitiwa chumvi mara mbili. Sala ya alasiri ilisaliwa, kisha ikasaliwa tena. Jioni jua likianza kuzama alijifunga kanga, akasimama mlangoni, akasema anataka kurudi kwao, naye yumo ndani ya nyumba aliyoishi miaka arubaini. Hayo tuliyachukulia kuwa ni uzee.

Kisha ndugu yetu wa kiume akaoa. Wifi yetu hakuwa hata amemaliza miezi mitatu ndani ya nyumba pale bangili nne za dhahabu za mama zilipopotea. Mama alisema bila kusita: huyu msichana kaniibia. Alilisema mbele ya mashangazi, akalirudia mbele ya majirani. Wifi yetu alilia mpaka macho yakavimba. Kwao wakatuma mtu kuja kumchukua. Wako waliosema msichana ana mkono mrefu, na wako waliosema mama kachezewa, na aliyemchezea ni huyo huyo mgeni wa nyumba. Bangili zilionekana siku ya kumi na moja ndani ya pipa la mchele, zimefungwa kwenye kipande cha leso, na fundo lilikuwa fundo la mama. Hata hivyo yeye hakukubali kwamba aliziweka mwenyewe. Hakuwa akisema uongo. Kwake yeye jambo lile halikupata kutokea.

Tulimpeleka hospitali. Daktari alimpima damu, akamuuliza maswali mengi, akatueleza kwamba dalili zake zinaelekea kwenye ugonjwa wa Alzheimer. Tulirudi nyumbani na neno geni, tukaanza kulisoma kila mmoja kwa upande wake, na kukutana jikoni usiku kuelezana.

La kwanza tulilolikuta lilitushangaza. Mgonjwa wa kwanza aliyeelezwa katika vitabu vya tiba alikuwa mke wa mtu, na dalili zake za mwanzo zilikuwa za ndani ya nyumba kama zetu. Aliitwa Auguste Deter. Mwaka 1901 alilazwa hospitali mjini Frankfurt, Ujerumani, akiwa na miaka 51, akaangaliwa na Dk. Alois Alzheimer. Alianza kwa kumwonea mumewe wivu usiokuwa na sababu. Akawa anahamisha vitu nyumbani kutoka huku kupeleka kule na kuvificha. Alipofariki mwaka 1906 daktari huyo aliuchunguza ubongo wake kwa hadubini, akakuta uchafu wa protini umeganda baina ya seli, na ndani ya seli nyuzi zimejisokota kama uzi uliofumuka. Wivu, tuhuma, kuficha vitu: yote hayo yalikuwa na mahali pake ndani ya nyama ya ubongo. Tuliposoma hapo, mmoja wetu alinyanyuka akaenda kumwita wifi aje asome mwenyewe.

Lakini hadubini ya Dk. Alzheimer ilimwonyesha mabaki tu, kama mtu anayeingia kwenye nyumba iliyokwisha kuungua. Nini kiliwasha moto, na chumba gani kilianza? Hilo ndilo wanasayansi wa zama zetu wanalolitafuta kwa kusoma kazi ya jeni ndani ya ubongo.

Tulielezana hivi, na tunawaomba wasomi mtuwie radhi kwa lugha ya jikoni. Karibu kila seli ya mwili wako ina kitabu kile kile kimoja cha mapishi. Ndani yake mna jeni za kutengeneza protini zipatazo 20,000, na kila jeni ni kama pishi moja. Seli ya ini na seli ya ubongo zina kitabu sawasawa. Zinatofautiana kwa kurasa zinazofunguliwa. Seli ikitaka kupika kitu hainyofoi ukurasa, bali hunakili pishi lile kwenye kikaratasi, kikaratasi kikapelekwa jikoni, na protini ikapikwa. Kikaratasi hicho ndicho kinachoitwa RNA. Ukivikusanya vikaratasi vya seli ukavihesabu, utajua seli ile ilikuwa inapika nini wakati ule, imeacha kupika nini, na imezidisha nini.

Kwa miaka mingi watafiti walichukua kipande cha ubongo, wakakisaga, wakahesabu vikaratasi vyote kwa pamoja. Fikirini shughuli ya harusi yenye masufuria ishirini: pilau hapa, biriani kule, mchuzi wa papa, maharage ya nazi. Ukivimimina vyote kwenye beseni moja ukaonja, utajua kuna chumvi, lakini hutajua sufuria gani imezidi. Ubongo una seli za neva zipatazo bilioni 86, na pembeni yake kuna seli nyingine za kuzihudumia. Kuna zinazozivika nyuzi za neva ala ya mafuta ili ujumbe upite haraka. Kuna astrosaiti, zinazozilisha na kuzitegemeza. Na kuna maikroglia, hao wafagiaji na walinzi wa ubongo, wanaokusanya taka na kupambana na wadudu wa maradhi.

Siku hizi inawezekana kuonja sufuria moja moja. Tishu ya ubongo iliyogandishwa ikiyeyuka, kuta za seli hupasuka, lakini viini vyake hubaki. Basi huchukuliwa kiini kimoja kimoja, kila kimoja kikapewa alama yake, na vikaratasi vilivyomo vikasomwa.

Na ubongo huo unatoka wapi? Hapa ndipo palipotugusa zaidi. Mwaka 1994 Chuo Kikuu cha Rush cha Chicago, Marekani, kilianzisha utafiti kwa watawa wa kike, mapadri na mabruda wa Kikatoliki. Watu hao walijiunga wakiwa wazee wasiojulikana kuwa na ugonjwa wa kusahau. Walikubali kupimwa kumbukumbu zao kila mwaka mpaka mwisho wa uhai wao, na kwamba wakifa ubongo wao utolewe ukasomwe. Dini yao si dini yetu. Lakini mtu mzima anayekaa kwenye kiti mwaka baada ya mwaka akiulizwa akumbuke maneno yale yale, naye anaona mwenyewe kwamba safari hii yamepungua, kisha mwaka unaofuata akarudi tena, huyo ametoa sadaka ambayo faida yake atakula mwingine. Nasi tumo katika hao wanaofaidika.

Mwaka 2019 watafiti wa MIT na wenzao wa Rush walitoa matokeo kutokana na ubongo wa watu 48 waliokuwa katika utafiti huo na mwenzake wa hapo hapo Chicago. Nusu walikuwa na dalili nyingi za Alzheimer katika ubongo, na nusu walikuwa na chache au hawakuwa nazo. Vilisomwa viini 80,660. Walikuta kwamba mabadiliko makubwa ya jeni hutokea mapema, na kila aina ya seli hubadilika kwa namna yake. Baadaye ugonjwa ukizidi, aina nyingi za seli huanza kufanana, zote zikiwasha jeni za kujihami, kama mtaa mzima unaopiga kelele za moto.

Kuna jeni moja iitwayo APOE, inayohusika na kubeba mafuta, ambayo ni maarufu katika ugonjwa huu. Ilionekana imepanda ndani ya maikroglia na imeshuka ndani ya astrosaiti. Ungesaga vyote pamoja, panda hii na shuka ile zingefichana, usione kitu.

Na kuna linalotuhusu sisi wanawake. Katika makundi ya seli yaliyoendana na ugonjwa, seli zilizotoka kwa wanawake zilikuwa nyingi kuliko za wanaume. Zile seli za kuvika nyuzi ala ya mafuta, kwa wanaume zilionekana kuamsha jeni zake nyingi kadiri ugonjwa ulivyozidi, na kwa wanawake hazikufanya hivyo. Huko Marekani karibu theluthi mbili ya wagonjwa wa Alzheimer ni wanawake. Sehemu ya sababu ni kwamba wanawake huishi zaidi, lakini matokeo kama haya yanaonyesha kwamba ubongo wa mwanamke na wa mwanamume huenda haujibu ugonjwa kwa njia moja. Mwenye kupimwa ni wa kike, mwenye kumuuguza naye mara nyingi ni wa kike. Basi elimu hii ni haki yetu kuijua.

Sasa tuje kwenye neno linalonong'onwa wakati wa posa. Mtu akija kuposa, wazee huuliza ukoo: kuna kifafa, kuna ukoma, kuna wazimu? Tangu mama aanze kuumwa, nasi tumesikia: ule ukoo wana maradhi ya akili, mtoto wao msimchukue. Mdogo wetu wa mwisho bado hajaolewa, na neno hilo limemfikia.

Dada zetu, tofautisheni mambo mawili. Kweli ziko jeni tatu ambazo zikiwa na kasoro fulani humletea mtu Alzheimer, na mara nyingi kabla ya miaka 65. Lakini wagonjwa wa namna hiyo hawafiki hata 1 katika kila 100. Waliobaki, ugonjwa wao hutokana na mchanganyiko wa mambo: umri, jeni nyingi ndogo ndogo, maradhi mengine na maisha. APOE ina aina tatu kuu, na aina ya nne kwa jina, e4, huongeza uwezekano wa kuugua. Kuongeza uwezekano si kuandikiwa hukumu. Wako wenye e4 waliozeeka na akili zao timamu, na wako wasiokuwa nayo walioumwa.

Hata pale jeni inapokuwa kali kabisa, mlango haujafungwa. Karibu na Medellín, Colombia, kuna ukoo mkubwa wenye kasoro ya jeni iitwayo PSEN1. Wenye kasoro hiyo kwa kawaida huanza kusahau wakiwa na miaka arubaini na kitu. Daktari wao, Francisco Lopera, aliwafuatilia kwa miongo kadhaa. Mmoja wa wanawake wa ukoo huo alikuwa na kasoro ile ile, na ubongo wake ulijaa uchafu wa protini, lakini alifika miaka ya sabini ndipo kumbukumbu ikaanza kulegea. Mwaka 2019 ilitangazwa kwamba alikuwa amerithi pia badiliko adimu la APOE kutoka kwa wazazi wake wote wawili, na inaaminika hilo ndilo lililomkinga. Alipofariki, ubongo wake nao ulitolewa, na seli zake zikasomwa ili ijulikane kinga ile ilifanyaje kazi. Ukoo ulioonekana kubeba balaa tu, ndani yake mlikuwa na kinga ambayo leo watu wanajaribu kuigeuza dawa.

Je, na sisi watu wa Afrika? Huko Ibadan, Nigeria, watafiti waliwalinganisha wazee wa Kiyoruba na Wamarekani weusi wa Indianapolis. Mwaka 2001 walitangaza kwamba wagonjwa wapya wa Alzheimer kwa mwaka walikuwa asilimia 1.15 Ibadan na asilimia 2.52 Indianapolis. Na e4 ilionekana kuwa na nguvu ndogo kwa Wayoruba kuliko kwa watu wa asili ya Ulaya. Maana yake, kilichosomwa katika ubongo wa Wazungu hakiwezi kubebwa hivi hivi kikavishwa sisi. Na ubongo uliohifadhiwa katika maabara za dunia, sehemu kubwa mno ni ya watu wenye asili ya Ulaya. Huku kwetu wagonjwa wapo. Wilayani Hai, Kilimanjaro, wazee wa miaka 70 na zaidi walipochunguzwa, asilimia 6.4 walikuwa na dimenshia.

Tunajua swali linalofuata, nalo ni zito. RNA huharibika baada ya kifo, kwa hiyo ubongo hutolewa ndani ya saa chache. Nasi maiti wetu tunamharakisha kumsitiri, na heshima ya mwili wake ni kama alipokuwa hai. Hatuandiki fatwa hapa. Tunachosema ni kwamba masheikh wetu na madaktari wetu wangekaa wakalizungumza, ili kama jibu ni ndiyo tujue masharti yake, na kama ni hapana tujue tutasaidia kwa njia gani nyingine. Zipo njia. Damu ya mtu aliye hai husomwa jeni zake. Kupimwa kumbukumbu hakuhitaji kisu.

Wakati elimu hiyo inakua, nyumbani tumefanya haya, nanyi chukueni linalofaa.

Mpelekeni mgonjwa hospitali mapema. Kusahau kwingine hutokana na tezi ya shingo, upungufu wa vitamini B12, huzuni, maambukizi au dawa anazotumia, na hayo yana tiba. Kwa Alzheimer hadi sasa hakuna dawa ya kuirudisha akili ilikokuwa. Mficha maradhi kifo humuumbua.

Kisomo kisomwe, dua ziombwe, lakini asitafutwe mchawi. Anayetafuta mchawi ndani ya nyumba atamkuta mkamwana kila siku, kwa sababu ndiye mgeni na ndiye aliye karibu na mgonjwa.

Dhahabu na fedha za mgonjwa ziandikwe na ziwekwe mbele ya mashahidi wawili. Hii inamlinda yeye na inamlinda bi harusi.

Msibishane naye. Akisema anataka kwenda kwao, sisi humwambia "twende mama," tukazunguka naye uani, tukarudi tumekaa tukinywa chai ya mchaichai. Sura fupi alizojifunza chuoni utotoni bado anazo. Tukizianza yeye huzimalizia, na uso wake hutulia.

Zamu ya kuuguza igawanywe, na watoto wa kiume wamo. Bi harusi si yaya aliyeletwa kwa mahari. Mazungumzo haya yafanywe kabla ya nikaha, kwa uwazi, kama yanavyofanywa ya nyumba na samani.

Na jiangalieni nyinyi wenyewe tangu ujana: presha, sukari, masikio yasiyosikia vizuri, kukaa bila kutembea, upweke. Jopo la wataalamu wa jarida la Lancet mwaka 2024 lilitaja mambo 14 ya namna hiyo, likakadiria kwamba karibu asilimia 45 ya dimenshia duniani ingeweza kuzuiwa au kucheleweshwa yakishughulikiwa. Na kusoma kumo humo, basi msichana asiachishwe shule.

Wifi yetu hakuondoka. Ndiye anayemsuka mama nywele sasa, na mama humwita kwa jina la dada yake aliyefariki zamani, kwa mapenzi makubwa. Huitika.

Qur'ani imeutaja umri huo wa udhaifu ambao mtu hurudishwa, kwa hivyo sisi Waislamu hatuna sababu ya kuuonea haya wala kuufanya silaha ya kuvunja posa za watu. Allah awape wazee wetu shifaa na takhfifu, awalipe kheri wanaowauguza bila ya kushukuriwa, na awafungulie watafiti lile wanalolitafuta kwa manufaa ya viumbe Wake. Amin.

Mkiwa na mgonjwa kama wetu nyumbani, tuandikieni mnavyoishi naye. Wengine wanahitaji kusikia.